Ndege Ipi Itatua Karibu na Issenye?

Anga la Issenye, wilayani Serengeti, mkoani Mara, lina ndege za aina mbili. Ziko zinazopita juu sana, zikielekea Nairobi, Johannesburg au Ulaya, zisizo na shughuli yoyote na aliye chini. Na ziko zinazopita chini kiasi cha kusikika jikoni: Cessna Caravan, injini moja, bawa juu ya madirisha, zikishusha watalii kwenye viwanja vya vumbi kama Sasakwa, Grumeti na Seronera. Mwananchi wa Issenye akitaka kwenda Dar es Salaam kwa ndege, ya juu haimhusu na ya chini mfuko wake hauiwezi. Anapanda gari hadi Bunda, anapita Lamadi na Magu, anafika Mwanza, na huko anakuta Airbus ya viti 132. Kati ya Caravan inayobeba watu kumi na wachache na Airbus hiyo, Serengeti haina kitu.

Pengo hilo lina maelezo. Sehemu yake inatokana na jinsi mashirika yetu yanavyochagua ndege, na sehemu inatokana na jinsi viwanda vya Ulaya na Amerika vinavyochagua ndege ya kuunda. Mambo hayo mawili huzungumzwa kila moja mahali pake: la kwanza bungeni na kwenye ripoti za ukaguzi, la pili kwenye maonyesho ya ndege ya Paris na Farnborough. Ukiyaweka pamoja ndipo unapoona kwa nini nchi iliyonunua ndege nyingi kwa kasi kiasi hiki bado haina ndege ya kumfaa abiria wa Mara.

Tuanze mbali kidogo, kwa sababu ukanda huu uliwahi kuundiwa ndege yake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 shirika la Uingereza la BOAC liliitaka kampuni ya Vickers iunde jeti itakayoweza kuruka kutoka viwanja vya Afrika. Tatizo lilikuwa la kifizikia. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hata Mwanza, kando ya ziwa, iko zaidi ya mita 1,100. Hewa ya juu ni nyepesi, na jua la mchana huifanya nyepesi zaidi. Bawa linapata hewa kidogo ya kuliinua, injini inapata hewa kidogo ya kuchoma mafuta, na ndege inahitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuondoka ardhini. Vickers walijibu kwa kupeleka injini zote nne mkiani ili bawa libaki tupu na lifanye kazi yake kikamilifu. Ndege hiyo, VC10, ilianza kazi mwaka 1964, na East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, likapokea Super VC10 yake ya kwanza mwaka 1966. Likafikisha tano.

Kisha serikali za nchi zilizokusudiwa zikarefusha viwanja vyao ili vipokee Boeing 707, iliyokuwa ikila mafuta kidogo zaidi. Sifa kubwa ya VC10 ikakosa kazi. Zilitengenezwa 54 tu duniani, kiwanda kikafunga mstari. Shirika la pamoja lilipovunjika mwaka 1977, Super VC10 zilizobaki zilirudi Uingereza, zikageuzwa kuwa ndege za jeshi za kujazia ndege nyingine mafuta angani. Kwa maoni yangu historia hiyo inafaa kuwekwa mezani kila Tanzania inapotaka kununua ndege. Mwenye kiwanda hufuata wingi wa wanunuzi, na Afrika Mashariki haijawahi kuwa na wingi huo. Kwa hiyo sisi ni wateja wa ndege zilizochorwa kwa ajili ya wengine, na kazi yetu ni kuchagua kwa jicho kali ile isiyotuumiza.

Air Tanzania ilizaliwa Machi 1977 kutokana na mgawanyiko huo. Ilianza na ndege ndogo za Fokker F27, Twin Otter, na baadaye Boeing 737-200 mbili. Uteuzi huo, nikiutazama leo, ulikuwa wa busara. F27 ni ndege ya pangaboi iliyozoea viwanja vifupi. 737-200 nayo ilikuwa na tumbo lililokaa chini karibu na ardhi, mzigo unapakiwa bila mitambo mirefu, na Boeing waliuza vifaa vya kuiwezesha kutua hata kwenye changarawe. Lililokwamisha shirika ni fedha, vipuri, na uongozi. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa, ndoa ikavunjika mwaka 2006. Mwaka 2007 serikali ikaingia mkataba wa kukodi Airbus A320 moja, ndege ambayo ilifanya kazi kwa muda mfupi mno, ikapelekwa nje kwa matengenezo, na deni la kodi likaendelea kukua huku abiria hawaioni. Airbus moja peke yake, katika shirika lisilo na fundi wala kipuri cha Airbus, ni gharama kamili ya aina mpya ya ndege inayobebwa na viti vichache. Kosa hilo tutalikuta tena mbele, kwa sura ya kupendeza zaidi.

Kabla ya hapo kuna funzo la fastjet. Novemba 2012 shirika hilo la bei nafuu lilianza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro kwa Airbus A319 zenye viti 156. Nauli zilishuka, na watu wengi wa Kanda ya Ziwa wakapanda ndege kwa mara ya kwanza maishani. Lakini viti 156 ni vingi. Asubuhi ya Jumatatu vinajaa, Jumatano mchana vinabaki wazi, na mafuta ni yale yale. Mwaka 2016 uongozi mpya ulianza kuziondoa A319 na kuleta Embraer 190 za viti 104. Uamuzi ulikuwa sahihi, ila ulichelewa. Deni lilikuwa limeshapanda, na Desemba 2018 fastjet ikasimama Tanzania. Precision Air, iliyoanzishwa mwaka 1993, iliwahi kujaribu Boeing 737 na kuziacha, ikarudi kwenye ATR zake za pangaboi. Ndiyo sababu mojawapo, nadhani, bado iko hai licha ya misukosuko yote.

Sasa tufike mwaka 2016, maana hapo ndipo sura ya leo ilipoanza. Septemba mwaka huo serikali ya Rais John Magufuli ilipokea ndege mbili za Bombardier Dash 8 Q400, zenye viti 76 kila moja. Mitaani zikaitwa Bombadia. Walikuwapo waliozibeza: nchi nzima imesubiri ndege, inaletewa pangaboi! Kejeli hiyo ilisambaa kwa sababu watu wengi huamini kwamba pangaboi ni teknolojia ya zamani na jeti ni ya kisasa. Imani hiyo si sahihi, na ndiyo inayopotosha mjadala wetu wa ndege.

Injini husukuma ndege mbele kwa kurusha hewa nyuma. Unaweza kupata msukumo ule ule kwa kurusha hewa kidogo kwa kasi kubwa au hewa nyingi kwa kasi ndogo, na njia ya pili hula mafuta kidogo zaidi. Pangaboi ni njia ya pili kwa ukamilifu wake. Tena safari nzima ya maendeleo ya injini za jeti, tangu miaka ya 1960 hadi leo, imekuwa ni kuikaribia pangaboi. Katika injini ya Boeing 737-200 ya zamani, hewa iliyopita pembeni ya moto ilikuwa karibu sawa na ile iliyopita ndani ya moto. Katika injini ya 737 MAX, hewa ya pembeni ni mara tisa ya ile ya ndani. Katika Airbus A220 ni mara 12. Feni ya mbele imekua mwaka hadi mwaka mpaka gamba linaloizunguka limekuwa mzigo. Juni 2021 kampuni ya CFM, ubia wa General Electric na Safran ya Ufaransa, ilitangaza mradi wa RISE wa kulivua gamba hilo kabisa: mapanga makubwa yaliyo wazi, yakizunguka mbele ya injini ya jeti. Lengo ni kupunguza mafuta kwa zaidi ya asilimia 20, na injini hiyo inatajwa kama mojawapo ya zinazoweza kubeba mrithi wa A320 katika nusu ya pili ya miaka ya 2030. Ndege ya kesho ya Airbus huenda ikatua Dar es Salaam ikiwa na mapanga nje. Waliobeza Bombadia walikuwa wakibeza upande ambao wahandisi wanaelekea.

Gharama ya pangaboi ni kasi. Dar es Salaam hadi Mwanza ni kama kilomita 850 kwa mstari ulionyooka. Q400 huruka hadi kilomita 667 kwa saa, jeti kama 830. Ukikokotoa, tofauti angani ni robo saa hivi. Msafiri wa Issenye ambaye ameshatumia saa kadhaa barabarani hadi Mwanza hataumizwa na robo saa. Anaumizwa na nauli na idadi ya safari kwa siku. Kwa njia zote za ndani ya Tanzania, isipokuwa labda chache zenye abiria wengi sana, pangaboi ndiyo jibu.

Baada ya Q400, Air Tanzania haikutulia. Julai 2018 ikaja Boeing 787-8 Dreamliner ya viti 262. Desemba 2018 ikaja A220-300, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kuiendesha. Oktoba 2019 Dreamliner ya pili. Juni 2023 Boeing 767 ya mizigo, inayobeba tani 54. Oktoba 2023 Boeing 737 MAX 9 ya viti 181, na mwenzake Machi 2024. Agosti 2024 Dreamliner ya tatu. Ukijumlisha na Q400 na A220 nyingine zilizofuata, pamoja na Dash 8-300 ya zamani, unapata ndege 16 za aina sita: Q400 tano, A220 nne, Dreamliner tatu, MAX mbili, 767 moja na Dash 8-300 moja.

Hapo ndipo ninapoona kosa la A320 likirudi. Mwenye mabasi ya kutoka Mugumu, makao makuu ya wilaya ya Serengeti, kwenda Mwanza hujitahidi awe na mabasi ya aina moja, ili gia, breki na fundi viwe vya wote. Katika anga sababu ni hiyo hiyo ila gharama zimezidishwa mara nyingi. Rubani wa Q400 hawezi kesho yake kupanda A220. Anahitaji mafunzo na leseni ya aina hiyo, na mitihani ya mara kwa mara kwenye mtambo wa kuigiza urukaji. Fundi vilevile. Ndege ya akiba ndiyo hesabu kubwa kuliko zote: ukiwa na ndege kumi za aina moja, moja ikiharibika unaendelea na tisa. Ukiwa na MAX mbili, moja ikiharibika umepoteza nusu. Ukiwa na 767 moja, ikiharibika huna shirika la mizigo. Ethiopian Airlines ina aina nyingi pia, lakini kila aina inayo kwa wingi, pamoja na chuo na karakana kubwa zinazohudumia hata mashirika ya nje.

Bahati mbaya iliigusa Air Tanzania mahali palepale ilipokuwa dhaifu. A220 inatumia injini ya Pratt & Whitney PW1500G, ambayo ina gia inayoiruhusu feni izunguke taratibu kuliko sehemu za nyuma. Wazo ni zuri sana na ndege inatumia mafuta kidogo, lakini injini zilichoka mapema kuliko ilivyotarajiwa, na mwaka 2023 kampuni hiyo ikafichua kasoro katika unga wa metali uliotumika kutengenezea visahani vya ndani vya familia hiyo ya injini. Duniani kote ndege zikaegeshwa zikisubiri foleni ya karakana. Air Tanzania ilikuwa imeshatangaza mwishoni mwa 2022 kwamba imelazimika kuegesha baadhi ya A220 zake kwa ajili ya injini. Mashirika makubwa yenye injini za akiba yalivumilia. Shirika lenye A220 nne lilifuta safari, na abiria wa Mwanza, Mbeya na Dodoma wakajua maana yake.

Matokeo yanasomeka katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Hasara ya Air Tanzania (ATCL) ilikuwa shilingi bilioni 56.64 mwaka wa fedha 2022/23, ikapanda hadi bilioni 91.8 mwaka 2023/24. Si hasara yote inayotokana na aina za ndege. Kuna kodi ambayo shirika linalipa kwa Wakala wa Ndege za Serikali, wanaozimiliki ndege hizo, ambayo hudaiwa hata ndege ikiwa imelala. Kuna pia historia ya kukamatwa: Q400 zilizuiwa Canada mwaka 2017 na 2019, A220 ikazuiwa Johannesburg Agosti 2019, nyingine Uholanzi mwaka 2022, zote kwa sababu ya madeni ya serikali yasiyohusiana na usafiri wa anga. Lakini ndege iliyolala inauma zaidi pale ambapo hakuna ya aina yake ya kuishikia nafasi.

Kuhusu MAX lazima niseme kitu, maana eneo letu lina kidonda chake. Machi 10, 2019, Boeing 737 MAX 8 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikitoka Addis Ababa kwenda Nairobi ilianguka na kuua watu wote 157, Wakenya 32 miongoni mwao, chini ya miezi mitano baada ya ajali ya namna hiyo Indonesia. Chanzo chake kinaanzia kwenye sifa ile ile niliyoisifu: tumbo lililo karibu na ardhi. 737 ilichorwa miaka ya 1960 kwa injini nyembamba. Injini za kisasa ni nene, hazienei chini ya bawa lile, kwa hiyo Boeing walizisogeza mbele na juu. Usawa wa ndege ukabadilika, wakaongeza programu ya kompyuta ya kuinamisha pua, programu hiyo ikategemea kihisio kimoja cha pembe ya upepo, na marubani hawakuelezwa vya kutosha. Boeing waliogopa gharama za kuunda ndege mpya na gharama za kuwafunza upya marubani wa wateja wao. Ndege zilisimamishwa duniani, zikarekebishwa, zikarudi. Leo naiona MAX 9 ni salama kupandwa. Swali langu kwa ATCL ni jingine: kwa nini aina ya tano ya ndege za abiria, zikiwa mbili tu, wakati A220 zingeongezwa au Q400 zingeongezwa?

Dreamliner ni habari ya namna yake. Nusu ya uzito wake ni nyuzi za kaboni zilizogandishwa, badala ya alumini, ndiyo maana ni nyepesi na inaweza kuruka zaidi ya kilomita 13,000. Ni kazi kubwa ya uhandisi. Lakini ilipofika mwaka 2018 ilianza kwa kwenda Kilimanjaro na Mwanza, na safari ya Mumbai, takriban kilomita 4,700, ikasubiri hadi Julai 2019. Kwa hesabu yoyote ya biashara njia hutafutwa kwanza. Majirani nao wamepita humo. Kenya Airways ilipokea Dreamliner zake kuanzia 2014, abiria wakapungua, hasara ya mwaka 2014/15 ikafika shilingi za Kenya bilioni 25.7, na Boeing 777 zake kubwa zikakodishwa Turkish Airlines. Uganda Airlines ilichukua Airbus A330-800 mbili, ndege iliyopata wanunuzi wachache mno duniani, jambo litakaloifanya iwe ngumu kuiuza baadaye.

Wakati huo huo viwanda vimeanza kutoa kitu ambacho kingetufaa kwa safari ndefu. Airbus A321XLR, iliyoanza kazi Novemba 2024 kwa Iberia, ni ndege ya njia moja katikati ya viti, yenye uwezo wa kwenda hadi kilomita 8,700. Dar es Salaam hadi London ni kama 7,500. Njia isiyo na abiria wa kujaza viti 262 kila siku inaweza kuwa nao wa kujaza chini ya 200. Dunia imekuwa ikielekea huko kwa miaka 20: Airbus ilifunga kiwanda cha A380 mwaka 2021, Boeing ikakabidhi 747 ya mwisho Januari 2023. Ukubwa umeshindwa na wingi wa safari.

Na mbele zaidi? Nitapita haraka, kwa sababu mengi bado ni michoro. Airbus ilitangaza mwaka 2020 kwamba ingekuwa na ndege ya haidrojeni ifikapo 2035. Februari 2025 ikakiri kwamba tarehe hiyo haitafikiwa. Boeing na NASA walikuwa wakijenga ndege ya majaribio ya X-66, yenye mabawa marefu membamba yanayoshikiliwa na mihimili, na mwaka 2025 wakausimamisha mradi. Kampuni ya JetZero ya Marekani ina mchoro wa ndege ambayo mwili na bawa vimeungana kuwa kitu kimoja, na jeshi la anga la nchi hiyo limeweka dola milioni 235. Hakuna hata moja kati ya hizo inayomwaza mtu wa Mara.

Moja tu ilikuwa karibu nasi. Mei 28, 2020, huko Moses Lake, jimbo la Washington, Cessna Caravan iliyowekewa mota ya umeme iliruka kwa nusu saa. Caravan, ile ile inayopita juu ya Issenye! Ikiwezekana, safari za mbugani zingekuwa kimya, bila moshi, na mota ya umeme ina vipande vichache vya kuchakaa. Kizuizi ni betri. Kilo ya mafuta ya ndege ina nguvu kiasi cha saa-wati 12,000. Kilo ya betri nzuri ya leo ina kama 250. Hata ukizingatia kwamba mota hupoteza nguvu kidogo kuliko injini ya moto, tofauti ni kubwa mno. Kutoka Arusha hadi viwanja vya Grumeti ni safari ya kama saa moja, pamoja na akiba ya lazima endapo kiwanja kimezibwa na mvua au na nyumbu. Na ukishatua, umeme wa kuchaji unatoka wapi kwenye kiwanja cha vumbi porini? Nadhani ndege hizo zitaanza Norway na Hawaii, kwa safari za dakika 20, na sisi tutazipata baadaye sana.

Lililoniuma zaidi halikupata vichwa vya habari. Ndege mpya za viti kati ya 19 na 50 zimekaribia kutoweka madukani. Saab 340, Embraer 120, Beechcraft 1900, Dash 8 ndogo, zote zimeacha kutengenezwa. Q400 yenyewe ilisimama kuundwa mwaka 2021, baada ya Bombardier kuiuza kwa kampuni iliyofufua jina la De Havilland Canada. Kwa viti 50 imebaki ATR 42-600 ya Ufaransa na Italia. ATR walikuwa wakiunda toleo lake la viwanja vifupi, la kuruka na kutua kwenye mita 800, ambalo ukilisoma sifa zake ungedhani limechorwa kwa Tanzania: Mugumu, Mafia, visiwa vya ziwa. Novemba 2024 waliufuta mradi kwa kukosa wateja wa kutosha. Ni VC10 tena, safari hii kabla haijazaliwa. Kama mashirika ya Afrika Mashariki yangeketi pamoja na kuagiza 20 au 30, huenda hesabu ya ATR ingekuwa nyingine. Hayakuketi.

Ndege sahihi nayo haitoshi peke yake. Novemba 6, 2022, ATR 42 ya Precision Air ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba, watu 19 wakafa kati ya 43, na waliofika kwanza kuokoa walikuwa wavuvi. Aina ya ndege haikuwa tatizo. Uwanja, hali ya hewa, vifaa vya kuongozea na vya uokoaji ndivyo vilivyoulizwa baada ya hapo. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuingia anga lake kwa sababu za usalama, na Juni 2025 ukazuia mashirika yote yaliyopewa vyeti Tanzania. Marufuku hiyo inaifunga 767 ya mizigo isipeleke sangara wa Mwanza moja kwa moja kwenye soko lake la zamani. Pia inagusa Issenye kwa njia ambayo wengi hawajaiona: kampuni za Caravan zinazopeleka wageni mbugani zimo ndani ya orodha hiyo, na wakala wa utalii wa Ujerumani au Ufaransa sasa lazima afikirie kabla ya kumpangia mteja ndege ya ndani. Mgeni akikosa ndege, kijana wa Issenye anayefanya kazi lojini anakosa zamu.

Kwa hiyo uamuzi wangu kuhusu suala zima ni huu. Tanzania ingepata zaidi kama ingeijenga Air Tanzania juu ya pangaboi za viti 50 hadi 76, ikaacha A220 zishike njia za Mwanza, Johannesburg na majirani, na ikasimama hapo kwa miaka kadhaa bila kuongeza aina mpya. Fedha za ndege kubwa ijayo ziende kwenye injini za akiba, karakana ya Kilimanjaro, mafundi wanaosomea Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, na ukaguzi utakaoiridhisha Ulaya. Reli ya kisasa imeshaanza kuchukua abiria wa Dodoma tangu 2024, nayo ikifika Mwanza itachukua wengine. Shirika linahitaji ndege ndogo zinazoweza kuhamishiwa kwenye njia ambazo reli haitafika. Mara ni mojawapo. Uwanja wa Musoma umekuwa ukijengwa upya, na Mugumu umezungumziwa kwa miaka mingi, na mashaka ya wahifadhi kuhusu uwanja mkubwa kando ya njia ya nyumbu ni ya haki. Ndege ya viti 50 haihitaji uwanja mkubwa.

Kwa wabunge wa Mara na wa Kanda ya Ziwa, ninyi mnaopitisha bajeti: ndege nyingine itakapoletwa mezani, ombeni kwanza orodha ya njia zitakazorukwa, abiria wanaotarajiwa kwa kila njia, urefu wa viwanja vyake, na mahali injini itakapotengenezwa ikiharibika. Visipokuwapo vitu hivyo vinne kwa maandishi, msiipitishe.